Vifo Bilioni 9 na Rekodi Nyingine za Kufa Kwenye Gemu

Kufa kwenye gemu hakulingani. Kuna kufa kwa nusu sekunde, mtu akainuka hapohapo akaendelea na safari, na kuna kufa kunakoondoka na miezi ya jasho, fedha za mfukoni au mafaili ya kompyuta. Mashindano yetu yana swali moja: kifo kimemgharimu nini mchezaji? Tuanze na wingi.

1. Vifo vingi kuliko vyote

Elden Ring ilitoka Februari 2022. Watengenezaji wake ni FromSoftware wa Japani, watu ambao kumuua mchezaji kwao ni fani. Ilipotimiza mwaka mmoja zikatolewa takwimu: wachezaji walikuwa wamekufa zaidi ya mara bilioni 9. Dunia nzima ina watu bilioni 8 na ushei! Nakala zilizosambazwa kufikia wakati huo zilikuwa zaidi ya milioni 20. Gawanya mwenyewe: vifo kama 450 kwa kila nakala. Asilimia 69 ya vifo vilitokana na maadui wa ndani ya gemu, na asilimia 2 tu ndiyo kazi ya wachezaji kuuana wao kwa wao.

Bosi aliyejaribiwa mara nyingi kuliko wenzake wote ni Malenia, mwanamke mwenye mkono wa bandia na upanga mrefu. Wachezaji walipanda ulingoni kwake mara milioni 329. Sensa ya Tanzania ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Yaani kila Mtanzania, kuanzia kichanga wa Mtwara hadi bibi wa Bukoba, apigane naye mara tano, na bado zinabaki nafasi milioni 20 za ziada.

Siri yake ni hii: kila upanga wake unapokugusa, uhai unamrudia yeye, hata kama umekinga kwa ngao. Umemhangaisha dakika tatu, amebaki na damu ya kijiko, unakosea hatua mbili, mstari wa uhai wake unajaza tena mbele ya macho yako. Ukifanikiwa kummaliza, anainuka mara ya pili akiwa na mabawa. Nawe ukifa, ulichokusanya kinabaki pale ulipoangukia. Urudi ukakiokote. Ukifa tena njiani kabla ya kufika, umepoteza chote.

2. Vifo ghali kuliko vyote

EVE Online ni gemu ya vita vya anga za juu, kazi ya CCP Games wa Reykjavik, Iceland. Humo rubani akiuawa anazinduka kwenye mwili wa akiba. Meli ndiyo haifufuki. Na meli kubwa kuliko zote, Titan, huchukua miezi na nguvu za watu wengi kuitengeneza.

Januari 2014, kwenye mfumo wa nyota uitwao B-R5RB, ada ya kumiliki eneo haikulipwa kwa wakati. Ni kama kusahau kununua umeme wa LUKU, ila hapa taa zilipozimika maadui waliingia na mizinga. Vita vilipigwa saa 21, muda ambao basi lililotoka Dar es Salaam lingekuwa limeshafika Mwanza na abiria wamelala. Walioingia vitani ni wachezaji 7,548. Seva zilielemewa hadi mwendo wa muda ukapunguzwa: sekunde 1 ya vita ikawa sekunde 10 za saa ya ukutani, mtu anabonyeza kufyatua kisha anasubiri. Titan 75 ziliteketea, na hasara yote ikakadiriwa kuwa dola 300,000 hivi. CCP wenyewe waliacha mabaki yakielea mahali pale yawe mnara wa kumbukumbu.

Rekodi hiyo haikudumu muongo. Oktoba 2020, vita vya FWST-8 vilikusanya wachezaji 8,825, watu wa kujaza zaidi ya nusu ya Uwanja wa Amaan, Unguja. Kisha mwishoni mwa Desemba mwaka huohuo, kwenye M2-XFE, Titan 257 zililipuliwa. Hasara: dola 378,012, rekodi ya Guinness. Kwa bei ya dola ya siku zile ni zaidi ya shilingi milioni 850 za Kitanzania, zimeungua bila mtu hata mmoja kuinuka kwenye kiti chake.

3. Janga baya kuliko yote

Septemba 13, 2005. World of Warcraft inafungua pango jipya, Zul'Gurub, na ndani yake yumo bosi Hakkar. Silaha yake ni ugonjwa uitwao Corrupted Blood, unaomla aliyeupata na kumrukia aliye karibu. Ulitakiwa ubaki mle pangoni. Watengenezaji hawakukumbuka wanyama.

Mchezaji akimficha mnyama wake akiwa ameambukizwa, akaja kumwita tena akiwa mjini, mnyama anatoka na ugonjwa uleule. Miji ikaanza kupukutika. Mchezaji mkongwe aliweza kuhimili kwa muda, lakini mgeni aliyeanza gemu juzi alianguka ndani ya sekunde chache, akarudi kama mzuka hadi kwenye maiti yake, akainuka, akaanguka tena. Wauza duka wa ndani ya gemu walibeba ugonjwa bila kuonyesha dalili wala kufa, hivyo kila aliyekwenda kununua kitu alirudi na zawadi. Viwanja vya miji vikafunikwa na mifupa.

Sasa angalia tabia za watu. Wenye uwezo wa kutibu walijitolea wakasimama kuwahudumia wengine. Wengine walikimbilia porini. Na wapo walioingia mijini makusudi wausambaze. Kampuni ikajaribu kutangaza karantini, watu wakaipuuza, mwisho ikabidi seva ziwashwe upya na ugonjwa ufutwe. Mwaka 2007 watafiti Eric Lofgren na Nina Fefferman waliandika kuhusu tukio hilo kwenye jarida la The Lancet Infectious Diseases, kama mfano wa jinsi binadamu wanavyofanya wakati wa mlipuko. Hakuna kifo kingine cha gemu kilichoheshimiwa namna hiyo na madaktari!

4. Maisha mafupi kuliko yote

One Hour One Life, kazi ya Jason Rohrer ya 2018, ina kanuni ngumu: dakika 1 ni mwaka 1, na mwisho wa binadamu ni miaka 60. Mpira wa miguu ni dakika 90. Ukizaliwa refa anapopuliza kuanza, unazikwa kocha akiwa bado anawapasha moto wa akiba.

Unazaliwa kichanga kwa mwanamke ambaye ni mchezaji mwingine, mtu halisi, pengine wa bara jingine. Hujui kujilisha. Hata kusema huwezi zaidi ya herufi chache, kwa sababu maneno yanaongezeka na umri. Mama akikuchoka anakuweka chini na kwenda zake, na umekufa njaa kabla hujatimiza miaka minne, yaani dakika nne. Ukipata mama mwema unakua, unalima, unafua chuma, unazeeka. Ukifa unazaliwa kwingine, lakini jembe ulilotengeneza linabaki mikononi mwa wajukuu.

5. Kuzeeka kwa kasi kuliko kote

Kwenye Sifu ya mwaka 2022, kutoka Ufaransa, kijana anaanza kupigana kung fu akiwa na miaka 20. Akiuawa anainuka, ila kifo cha kwanza kinamwongezea mwaka 1, cha pili miaka 2, cha tatu miaka 3. Piga hesabu bila kupunguza deni: kifo cha 9 kinamfikisha miaka 65, amepita umri wa kustaafu serikalini. Cha 10 ni 75, na hapo hirizi yake imeisha, akianguka tena ndiyo kwaheri. Ndevu zinaota mvi ukiziangalia. Jambo la ajabu ni kwamba mzee anapiga kwa nguvu kuliko kijana, ila anavumilia kipigo kidogo.

6. Kaburi kongwe lenye sifa

Rogue ilizaliwa mwaka 1980 mikononi mwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California. Pango lina ngazi 26 kwenda chini, hirizi unayoitafuta iko huko chini kabisa, na kifo ni kimoja. Unaruhusiwa kuhifadhi mchezo ukalale, lakini ukiufungua tena ile sevu inafutwa, kwa hiyo hakuna ujanja wa kurudi nyuma. Ukifa unachorewa jiwe la kaburi kwa alama za taipureta, na jina lako juu yake. Hadi leo kuna aina nzima ya gemu inayoitwa kwa jina lake.

Mjukuu wake NetHack, wa 1987, akaongeza ukatili mtamu: ngazi uliyofia inaweza kuhifadhiwa na mali zako zote, na mchezaji wa baadaye kwenye mashine hiyohiyo akaikuta, pamoja na mzuka wako ukimsubiri.

7. Kitufe chenye uchungu kuliko vyote

Steel Battalion ya Capcom, 2002, iliuzwa na pedi yake maalumu: vitufe kama 40, mikono miwili ya kuendeshea na pedali tatu za miguu. Meza nzima! Bei ilikuwa dola 200. Kati ya vitufe vyote kimoja kilifunikwa kwa kifuniko cha plastiki cha kuinua kwa kidole, ndicho cha kuruka nje ya mtambo wa vita unaouendesha unapokaribia kulipuka. Ving'ora vinalia, taa zinawaka, inua kifuniko, bonyeza. Ukichelewa, rubani amekufa, na gemu inafuta sevu yako yote. Unaanza upya kama mtu aliyenunua jana.

8. Adhabu ndefu kuliko zote

Hii ni ya abiria wa mikoani. Desert Bus ilitengenezwa mwaka 1995 kwa ajili ya mkusanyiko wa wachekeshaji Penn na Teller, ambao haukuwahi kuingia sokoni. Kazi yako ni kuendesha basi tupu kutoka Tucson hadi Las Vegas, Marekani: maili 360, takriban kilomita 580, mwendo usiozidi kilomita 72 kwa saa. Saa 8 kamili za saa ya ukutani. Ni kama safari ya Dar es Salaam hadi Arusha bila kituo cha kuchimba dawa, bila mahindi ya kuchoma dirishani, bila trafiki, bila hata filamu ya Kinaijeria kwenye runinga ya mbele.

Gemu haisimamishwi. Huwezi kufunga pedi kwa gundi ukaenda kulala, kwa sababu basi linavutika kidogo kulia muda wote. Tukio pekee la njiani ni mdudu mmoja anayegonga kioo. Ukifika unapata pointi 1, kisha unaulizwa kama ungependa kurudi ulikotoka kwa pointi ya pili.

Na ukitoka barabarani? Injini inakufa. Linakuja gari la kuvuta, linakurudisha Tucson, na linakurudisha kwa muda halisi. Umeharibikiwa saa ya 7, basi kaa saa nyingi ukitazama mchanga ukirudi nyuma. Kwenye orodha hii yote hakuna kifo kinachochosha kama hiki, na nakipa kombe bila kusita. Tangu 2007 kundi la wachekeshaji wa Kanada huicheza kila mwaka kuchangisha fedha za watoto wagonjwa, na wamekusanya mamilioni ya dola.

9. Hospitali ya bei rahisi kuliko zote

Aliyekaa kwenye vibanda vya gemu vya Kariakoo au Eastleigh hahitaji kuelezwa San Andreas ya 2004. Shujaa wake, CJ, anapigwa risasi thelathini, anagongwa na lori, anaanguka kutoka kwenye ndege bila parachuti. Skrini inafifia. Anatoka mlango wa hospitali akiwa mzima, ametozwa dola 100 na kunyang'anywa silaha. Hakuna kitanda, hakuna dawa, hakuna bima inayoulizwa. Kinachouma ni bunduki.

10. Maiti yenye hadhi kuliko zote

Agosti 1997, Ultima Online ilikuwa bado kwenye majaribio. Muundaji wake, Richard Garriott, aliingia kama Lord British, mfalme wa nchi, kuwasalimia raia. Mfalme hakupaswa kufa, kulikuwa na alama maalumu ya kumkinga. Lakini seva ilikuwa imeanguka muda mfupi kabla, na aliporudi alama ile haikuwashwa. Mchezaji mmoja aitwaye Rainz akatupa moto wa kichawi kujaribu bahati. Mfalme chali mbele ya umati! Wasaidizi wake wakajibu kwa kuwashushia raia mashetani, na wasiohusika wakafa kwa wingi. Rainz akafukuzwa kwenye majaribio, lakini jina lake limedumu kuliko la mashujaa wengi waliomaliza gemu.

11. Shujaa mgumu kufa kuliko wote

Ni Guybrush Threepwood wa The Secret of Monkey Island, 1990. Alitamba kwamba anaweza kubana pumzi dakika 10. Anatupwa baharini akiwa amefungwa kwenye sanamu nzito, na hapo ndipo utakapomuua, kwa njia moja: kaa usifanye lolote dakika 10 nzima. Utajiju.

12. Kifo kinachotoka nje ya skrini

Mwaka 2009 msanii wa Marekani Zach Gage alitoa Lose/Lose. Kwa sura ni gemu ya kawaida ya kupiga viumbe wa angani. Ila kila kiumbe amefungwa na faili moja la kweli kwenye kompyuta yako, lililochaguliwa kwa bahati nasibu. Ukimuua, faili linafutwa: picha ya harusi, ripoti ya kazini, yoyote ile. Ukifa wewe, gemu inajifuta yenyewe. Kampuni ya usalama wa kompyuta Symantec iliiweka kwenye kundi la programu hatari, ingawa gemu ilitoa onyo wazi tangu mwanzo.

NieR: Automata ya 2017 ilichukua njia nyingine, nami naiona imeizidi Lose/Lose kwa mbali. Ukifika mwisho wake wa kweli, unapigana na majina ya waliotengeneza gemu, unakufa na kufa, hadi wachezaji wengine wa duniani wanakuja kukusaidia. Kisha unaulizwa: uko tayari kufuta sevu zako zote, makumi ya saa, ili umsaidie mtu usiyemjua? Ukikubali, gemu inafungua menyu na kufuta kimoja baada ya kingine huku unatazama. Waliokusaidia wewe walishalipa bei hiyo.

13. Kufa kwenye faida

Pac-Man ya 1980 ina hatua 255 nzima. Ya 256 imeharibika: kihesabio cha mashine kimejaa, na nusu ya kulia ya skrini ni takataka za herufi. Ndani ya takataka hizo mna vidonge 9, na kila ukipoteza uhai vinarudi. Kila kidonge ni pointi 10. Kwa hiyo bingwa anayetafuta alama kamili, 3,333,360, anafika hapo bila kufa hata mara moja, kisha anakufa makusudi, mmojammoja, kila kifo kikimlipa pointi 90.

14. Uhai uliozidi kuliko wote

Ugonjwa uleule wa hesabu unaishi kwenye Super Mario Bros. ya 1985. Unaanza na maisha 3. Ukifika hatua ya 3-1, karibu na mwisho wake, kobe wawili wanashuka ngazi. Mrukie kobe akiwa kwenye ngazi, gamba lake linagonga ukuta wa ngazi na kurudi chini ya miguu yako, unaligonga tena bila kugusa chini: pointi 100, 200, 400, halafu zinaanza kumwagika maisha, moja kila mguso. Ukifika 10, tarakimu inaota taji. Waliokulia kwenye TV game na Contra waliridhika na maisha 30 ya ule msimbo wa juu-juu, chini-chini. Wenye tamaa wa Mario hawakuridhika.

Kihesabio cha maisha kinajua nambari kuanzia 0 hadi 127 tu upande wa chanya. Ukivuka maisha 128 na kuendelea kurundika, hesabu inapinduka ikawa hasi. Skrini inaonyesha umetajirika, mashine inajua una deni. Unakufa mara moja tu, gemu imekwisha. Kwa hiyo ukifika 3-1 chukua maisha yako 30, mwache kobe, nenda ukamtafute binti mfalme.